Git kwa gemu ya matatu

Binamu yangu anaunda gemu yake ya kwanza kwa Godot: matatu inayokwepa mashimo barabarani. Folda zake ni gemu, gemu_mpya, gemu_mpya_kabisa. Ipi inafanya kazi? Hata yeye hajui! Na tarakilishi ni ya kuazima, mwenyewe anaitaka mwisho wa mwezi.

Jumamosi nikamwekea Git, ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Kwanza faili ya .gitignore yenye .godot/, maana folda hiyo Godot 4 huijenga upya yenyewe. Faili za .tscn ni maandishi matupu, kwa hivyo unaona mstari uliobadilika. Picha na sauti, hapana. Tena GitHub hukataa faili inayozidi MB 100. Nakala tukaipeleka huko.

Jana alifuta matatu makusudi, akairudisha kwa git restore. Mara tano.