Safari ya makuta kidogo: anza na feza ya kurudi

Likizo kubwa ikikaribia, wengi wetu tunataka kusafiri: arusi iko Bukavu, kwaya imealikwa, bibi anatungoja Idjwi. Makuta iko kidogo. Basi tunauliza swali moja tu: « Kwenda ni bei gani? » Swali hilo ni nusu ya hesabu.

Katika Luka 14, 28 Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anakaa na kuhesabu gharama. Safari nayo inaomba hesabu, na mimi ninaianza kwa mwisho wake. Gawanya feza yako sehemu 10. Tatu ni za kurudi: zifunge mbali, usiziguse. Tatu za kwenda. Mbili za chakula na za pikipiki kutoka bandarini. Moja ya zawadi, moja ya ugonjwa au shida ya gafula. Kwa nini kurudi kwanza? Kwa sababu msichana aliyekwama mbali bila makuta anabaki chini ya huruma ya mtu asiyemjua. Wazazi, mnanielewa.

Kama sehemu hazitoshi, punguza mahali pa kupunguza. Pika nyumbani: mayai, muhogo, karanga. Omba barua kwa paroko au mchungaji wako, upate kulala kwa jamaa ya wakristo wenzako. Punguza mizigo, maana kila mfuko unalipiwa. Vijana, fanyeni likirimba: mkiwa 10 na kila juma kila mmoja anatoa kitu, ndani ya majuma 10 kila mmoja amepata zamu yake.

Lakini usipunguze juu ya uzima. Tarehe 3 Oktoba 2024, bwato iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, hapa Goma, mbele ya macho ya watu waliokuja kupokea jamaa zao. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa. Tusiwahukumu: vita ilikuwa imefunga barabara ya Sake, na wengi hawakuwa na njia ingine. Lakini wewe unayeweza kungoja kesho, ngoja kesho. Mtu akikuitia « Ingia tu, nafasi bado iko! », angalia wewe mwenyewe: watu ni wangapi? Jile za kuokolea ziko? Upepo uko namna gani? Kijana wa machimbo, unajua kukataa kushuka katika shimo lenye ufa. Bwato iliyojaa ni shimo lile lile. Na usiseme « Mungu atatulinda » ili usilipe bei ya bwato nzuri. Akili ya kuhesabu, ni yeye aliyekupa.

Chukua karatasi leo, andika zile sehemu 10, kisha onyesha mama au baba nyumbani. Nao wajue siku ya kwenda na siku ya kurudi.

Safari njema.