Kaseti ya gemu ya bei chee safarini Ngorongoro: Mzazi, kagua betri kwanza

Likizo inapokaribia, mzazi anayepanga kuwapeleka watoto Ngorongoro huwaza viingilio, gari na masweta. Jambo linalosahaulika ni saa nyingi za kukaa ndani ya gari. Jibu la haraka huwa ni simu ya mama. Jibu jingine ni gemu ya mkononi ya zamani, ambayo haina intaneti, haina matangazo na haimalizi bando la mtu.

Mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka tisa, alipewa na mjomba wake Game Boy Advance SP, ile inayokunjwa, iliyoingia sokoni mwaka 2003. Kaseti zake halisi ni adimu, kwa hiyo dada alinunua kaseti ya kisasa ya bei chee. Ndani yake unachomeka memori kadi kama ya simu, na gemu nyingi hukaa kwenye kaseti moja. Tulipokwenda Karatu kwa wakwe zake, nikaamua kuipima njiani, kwa jicho la mwandishi wa afya.

Arusha hadi Mto wa Mbu

Kutoka Arusha hadi Karatu ni takriban kilomita 140, zote za lami. Ukifika Makuyuni unaiacha barabara ya Babati na Dodoma, unakata kulia. Sehemu hii imenyooka na gari linakwenda kwa utulivu. Hapa kaseti ilifanya kazi vizuri: iliingia bila kulegea, orodha ya gemu ilitokea baada ya sekunde chache, na mtoto alicheza bila kuganda.

Tatizo la kwanza lilikuwa yaliyomo. Muuzaji alikuwa ameijaza mwenyewe gemu zaidi ya 100. Nyingi ni za kuruka vizingiti na kupanga matofali, lakini zilikuwemo za kucheza kamari na za kumwaga damu. Mzazi asiyefungua moja moja hawezi kujua. Tena, kunakili gemu ya mtu bila ruhusa ni kosa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta pia. Habari njema ni kwamba wapo watunzi wanaotengeneza gemu mpya za vifaa hivi vya zamani na kuzitoa bure. Futa za muuzaji, weka hizo.

Ukuta wa Bonde la Ufa

Ukishapita migomba na nyani wa Mto wa Mbu, barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona baada ya kona, na Ziwa Manyara linabaki chini kushoto. Hapa gemu izimwe. Mtoto anapokodolea kioo kidogo, macho yanauambia ubongo kwamba ametulia, huku sikio la ndani likisema anayumbishwa. Ubongo hupokea habari mbili zinazopingana, na matokeo yake ni jasho jembamba, kichefuchefu, kisha kutapika. Mwambie atazame mbali mbele, afungue dirisha kidogo. Kabla ya safari ale chakula chepesi, asipande na tumbo lililojaa chipsi.

Macho nayo yanahitaji pumziko hata kwenye barabara iliyonyooka. Kanuni rahisi ni hii: kila baada ya dakika 20, atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Kwa wadogo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Juu ya kreta

Tulilala Karatu, na alfajiri tukaelekea lango la Lodoare. Baada ya lango lami inaisha. Barabara ni ya udongo mwekundu, inapanda ndani ya msitu wenye ukungu hadi ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Gari lilitikisika kama ungo wa kupepetea mahindi.

Pale kituo cha kutazamia, kreta ilikuwa chini yetu: shimo la kina cha mita 600 hivi, eneo la kilomita za mraba 260 hivi, lililobaki baada ya volkano kubwa kujididimiza zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Mtoto alihesabu nyati akidhani ni mawe, mpaka mawe yakatembea. Kwa saa nne tulizokuwa chini hakuiulizia gemu hata mara moja.

Aliikumbuka wakati wa kurudi. Akaiwasha, akanyamaza, kisha akasema, "Mama mdogo, imefuta kila kitu." Hatua zote alizofikia kwa wiki tatu zilikuwa zimepotea.

Kilichokuwa ndani

Jioni, Karatu, tuliikagua. Kaseti za bei chee za aina hii hutunza hatua za mchezaji kwenye kumbukumbu ndogo inayolishwa na betri ya duara, bapa kama sarafu. Betri ikikatika hata kidogo, kumbukumbu inafutika. Kwenye kaseti nzuri betri huwa imechomelewa na kasha limefungwa kwa skrubu. Hii haikuwa na skrubu. Kasha lilifunguka kwa ukucha, na betri ilishikwa na kibanio kilicholegea. Mitikisiko ya barabara ilitosha.

Nilipolifungua, betri iliruka ikaangukia mkekani. Mjukuu mwingine wa nyumba ile, mwenye miezi 14, aliifikia kabla yangu. Bibi yake akamshika mkono, akambandua vidole kimoja kimoja. "Huyu kila kitu kwake ni chakula," akasema.

Wengi wetu tungeona ni jambo dogo, lakini sivyo. Betri ya namna hii ikinasa kwenye umio, unyevunyevu wa mwili unaifanya ipitishe umeme, na ndani ya saa mbili inaweza kuunguza nyama vibaya. Wakati mwingine mtoto haonyeshi dalili. Wakati mwingine hutokwa mate, hukohoa, hukataa chakula au hushika kifua.

Ukishuku amemeza, nenda mara moja kwenye hospitali yenye eksirei. Usimtapishe, usimpe chakula wala kinywaji. Ikiwa ana zaidi ya mwaka mmoja, anaweza kumeza na hazijapita saa 12, mpe vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita, mkiwa njiani. Asali hupunguza kuungua, haiondoi betri. Usichelewe kwa ajili ya kuitafuta, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Je, ununue?

Kwa mtoto wa miaka minane na kuendelea, kaseti kama hii inafaa safarini kuliko simu, kwa masharti haya:

- Kasha liwe na skrubu, na betri iwe imechomelewa. Likifunguka kwa ukucha, rudisha dukani.
- Pima utunzaji: cheza, hifadhi, zima, tikisa, washa tena siku ya pili.
- Pima memori kadi kwenye kompyuta. Ijaze mafaili mpaka ukubwa ulioandikwa, kisha yafungue. Kadi bandia hujaa mapema au huharibu mafaili.
- Fungua kila gemu kabla mtoto hajaifungua.
- Betri iliyokwisha izungushie utepe wa gundi pande zote, iweke juu asikofika mtoto.

Ile yetu ilishindwa masharti mawili ya kwanza, na katika nyumba yenye mtoto anayetambaa hiyo inatosha kuikataa. Dada ameirudisha. Kwa safari ya kushuka Arusha, mtoto alipewa daftari na penseli, akaanza kuandika orodha ya wanyama aliowaona, nyati wakiwa wa kwanza.