Kuhusu ile taarifa yako ya Kiingereza

Mpwa wangu,



Taarifa ya nyumba yenu ya upataji nafuu nimeisoma. Kiingereza chako kimenyooka. Kilichonisimamisha ni kuwa vijana wenu umewaandika mara "recovered", mara "in recovery", mara "cured", kana kwamba yote ni mamoja.

Hospitalini, "in recovery" ni mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, usingizi wa dawa bado haujamwisha. Kesho yake huenda ukamkuta wodini anakunywa uji. Kwenye kazi yenu ni mtu aliyeachana na dawa za kulevya na bado anailinda hali hiyo, hata ipite miaka ishirini. Usemi huu umekuzwa na vikundi vya kusaidiana vya Marekani, hasa Alcoholics Anonymous, kilichoanzia Ohio mwaka 1935. Wengi wa wanachama wake hujiita "recovering" miaka na miaka baada ya kuacha pombe. Ajabu ni kwamba kitabu chao cha 1939 kilitangaza, kwenye ukurasa wa jina, habari za watu zaidi ya 100 waliokwisha kupona: "recovered". Basi mtu akijiita hivyo, usimsahihishe. Wewe unayemwandika ndiye usimtangulie.

"Cured" lifute kabisa. Kijana akirudia mwezi ujao, mfadhili atamwona tapeli, na nyumba yenu itaonekana ilisema uongo. "Clean" nalo liache, maana linamwambia msomaji kuwa jana alikuwa mchafu.

Halafu sarufi. Umeandika "is in recovery since 2021". Sisi Waswahili huponzwa hapo, kwa kuwa kwetu "yuko tangu" inatosha. Kiingereza kinadai "has been in recovery since 2021". Wala usitie "the" katikati: "in the recovery" hawasemi. Na "quick recovery" waandikie wenye malaria.

Nimeona pia kuwa wanaotumia methadoni, dawa ya kutibu uraibu, umewaweka kwenye orodha ya peke yao, nje ya walio "in recovery". Kwa nini? Kliniki ya Muhimbili imekuwa ikiitoa tangu 2011, na bado wapo wanaodai huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mimi sikubali. Mtu anayekunywa dozi yake kila asubuhi mbele ya muuguzi, kisha akaenda kazini na jioni akarudi kwa wanawe, neno hilo ni lake kama la mwingine yeyote. Warudishe kwenye orodha moja.

Yule kijana wa ukurasa wa tatu, anayewapikia wenzake, muulize kwanza mwenyewe anataka aandikwe vipi. Na kama hataki kuandikwa, mwondoe, hata kama habari yake ndiyo tamu kuliko zote. Ukimaliza, nitumie tena kabla ya Alhamisi. Siku hiyo nasafiri kwenda Wete.

Mjomba wako