Mnazi Una Mwenyewe

Pwani ya kusini unaweza kumiliki mnazi bila kumiliki ardhi uliposimama. Nimejaribu kuwaeleza marafiki zangu wa Nairobi mara kadhaa, na kila mara naulizwa swali lilelile: sasa title ni ya nani? Bibi yangu ana minazi kumi na minne Gazi. Iliachwa na mamake, aliyeipanda kwa mkono wake. Ukimuuliza mchanga ni wa nani, atakwambia mchanga ni wa Mungu. Baada ya Mungu, jibu linategemea unamuuliza nani, na wa serikali gani.

Mwaka huu mjomba ameleta mnunuzi. Ndiyo sababu nimekuwa nikisoma historia ya kijiji kama mtu anayetafuta risiti iliyopotea. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo iliponishinda, na nilichokuwa nasomea kilikuwa mambo ya utawala. Gazi haikutajwa hata siku moja kule darasani.

Iko kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Unavuka feri Likoni, unapita Ukunda, unaendelea na barabara ya Lunga Lunga halafu unakata kushoto kuelekea baharini. Usitarajie ufuo mweupe wa Diani. Gazi ni ghuba, imekingwa na mawimbi na rasi ya Chale, na mito miwili, Mkurumuji na Kidogoweni, inamwaga humo maji baridi na udongo kutoka bara. Maji baridi yakikutana na ya chumvi kwenye tope lililotulia, mikoko inaota. Sisi wa mjini tunaita yote mikoko. Kule kuna mkoko wenyewe, kuna mkandaa ambao gome lake linatoa rangi, kuna mchu, kuna muia, kuna mlilana unaosimama mbele kabisa ukiangalia bahari na ambao mafundi wa mashua wanautaka kwa mataruma. Zamani boriti za pwani hii zilipakiwa majahazini hadi Uarabuni, nyumba za huko zikaezekwa kwa miti yetu.

Kijiji kidogo hivi kimeona watawala wengi ajabu. Wamazrui walikuwa mabwana wa Mombasa mpaka 1837, Seyyid Said alipowang'oa. Waliosalimika wakagawanyika: wengine wakaenda Takaungu kule kaskazini, wengine wakaja Gazi. Ni hapa Mbaruk bin Rashid aliweka makao yake, akawasumbua masultani wa Zanzibar kwa miaka na mikaka. Mwaka wa 1895 ugomvi wa nani arithi Takaungu ukageuka vita na Waingereza, wakaleta hadi askari kutoka India. 1896 Mbaruk akavuka mpaka, akajisalimisha upande wa Wajerumani. Nyumba yake bado iko kijijini.

Lakini mimi vita havinishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni karatasi. Desemba 1895, vita vikiwa bado vinaendelea, Zanzibar na Uingereza walitia sahihi kwamba Waingereza watatawala ukanda wa maili 10 kutoka baharini kwa niaba ya Sultani, kwa malipo ya pauni 11,000 kwa mwaka. Gazi imo ndani ya zile maili 10. Yaani mababu zangu walipangishwa pamoja na nyumba. Bara ilipofanywa koloni mwaka wa 1920, huku kwetu kukabaki protekteti, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea Fort Jesus.

Katikati hapo, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi. Kila mwenye madai alitakiwa kuyapeleka yaandikwe. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa ya serikali. Sasa fikiria Mdigo anayejua mpaka wa shamba lake kwa mwembe na kisima, ambaye hajawahi kuhitaji karatasi kwa sababu kijiji kizima ni shahidi wake. Ataenda kudai nini, kwa nani, kwa lugha gani? Wenye karatasi walipata karatasi zaidi. Halafu tarehe 8 Oktoba 1963, Sultani alipoachia ukanda uingie Kenya, makubaliano yakasema mahakama za kadhi zitabaki na hati za ardhi zilizokuwepo zitaheshimiwa. Watu husherehekea hapo kwenye kadhi na kupita. Mimi nakwama hapo kwenye hati. Uhuru ulikuja na makosa ya 1908 yakiwa yamefungwa vizuri ndani ya bahasha.

Leo ukitaka kujua nani anatawala Gazi, hesabu mwenyewe. Kuna mzee wa kijiji. Kuna naibu wa chifu na chifu, ambao bosi wao yuko Nairobi. Kuna mwakilishi wadi, aliyekuja na ugatuzi wa 2013, yeye na kaunti yake. Kuna kamati ya wavuvi. Msitu una shirika la misitu. Ukiwa na shida, kazi ya kwanza ni kujua shida yako ni ya ofisi gani.

Kamati ninayoiheshimu zaidi ilizaliwa kwenye tope. Mikoko yote ya nchi ilitangazwa msitu wa serikali mwaka wa 1932, kwa hiyo kisheria Gazi haimiliki hata mti mmoja wa pale ghubani. Miaka ya sabini sehemu kubwa ilifyekwa iwe kuni za viwanda, kukabaki uwanja. Kuanzia 1991 watafiti na wanakijiji wakaanza kupanda upya. Na 2013 Gazi na jirani yake Makongeni wakaanza kuuza kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za msitu huo, mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, wa kwanza duniani wa aina yake kwa mikoko. Wamepanda mivinje pia, ili watu wapate kuni na nguzo bila kugusa ghuba. Pesa zikija, watu wanakaa kikao wanaamua: maji, vitabu, darasa.

Manze, sina mapenzi ya kipofu na kaboni. Kuna mtu Ulaya anapanda ndege akiwa na amani kwa sababu ya tope letu, na bei hatupangi sisi. Pesa zenyewe si za kumtajirisha mtu. Lakini ukifungua bomba pale kijijini, unajua ni kikao gani kiliamua lifungwe. Niambie mtaa wako Nairobi ambao unaweza kusema hivyo.

Shamba la Bibi halina kikao kama hicho. Kwa mila ya Kidigo, mali hufuata fuko la mama, na mjomba ana sauti. Kwa sheria ya dini, watoto wana mafungu yao. Mnunuzi yeye anataka barua ya chifu na sahihi tatu. Alikuja na tepu ya kupimia, akapima mchanga, hakuuliza miti.

"Na minazi?" Bibi akamuuliza.

"Hiyo tutakata, mama."

Bibi akanigeukia. "Mume wangu, umesikia?" Huniita hivyo tangu niko mdogo, kama wanavyofanya mabibi wa kwetu. Mjomba akaangalia chini.

Mnunuzi amesema atarudi baada ya Idi. Nimeambiwa nije, na nitakuja, na nakala ya sheria ya 1908 nimeshaichapisha ingawa sijui nitamsomea nani. Bibi hajaniagiza karatasi. Amesema nipitie Ukunda ninunue kopo la rangi nyekundu na brashi, anataka kuandika namba kwenye minazi yake, moja hadi kumi na nne, kabla mgeni hajafika.