Bidada Kahama Mombasa, Kodi Ikabaki Inamsubiri

Ndoa ya bidada mmoja wa Tanga ilinusurika kuvunjika, na safari hii hakukuwa na mchepuko. Chanzo ni kodi!

Bidada alikuwa mapokezi kwenye hoteli huko Mombasa. Mwisho wa Julai akaacha kazi, akapanda basi, akavuka Lunga Lunga na Horohoro, huyoo Tanga kuolewa. Baada ya harusi akafungua saluni Ngamiani, akachukua TIN, TRA wakamkadiria, maisha yakaenda. Ya Kenya akayafuta kichwani. Kwani si kila mwezi mshahara ulikuwa unakatwa kodi?

Julai ya mwaka uliofuata, simu yake iko kwenye chaji, wifi yake akauona ujumbe: anadaiwa faini shilingi 2,000 za Kenya. Chai haijapoa, kaka mtu kashaambiwa.

“Mke wangu, ulisema Mombasa umemaliza kila kitu. Nani anakudai huko?”

Bidada akabaki anatoa macho. Hela yenyewe si ya kutisha. Kilichomuuma ni kuangaliwa kama mwenye maisha mengine ng’ambo ya mpaka. Akajieleza, mume akanuna siku mbili. Siku ya tatu akasema, “Basi twende kwa anayejua.”

Mhasibu akawafungua macho. Kenya mwaka wa kodi unaanza Januari mpaka Desemba, na ritani inatakiwa kabla Juni 30 haijapita, hata kama mwajiri alishakukata kila mwezi. Ukichelewa, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, kubwa ndiyo inayoshika. Halafu Januari mpaka Julai ni zaidi ya siku 200, wakati sheria yao ukifikisha siku 183 wanakuhesabu mkaazi wa mwaka huo.

Huku Tanzania nako, mkaazi anahesabiwa mpaka kipato cha nje. Ila kodi aliyolipa kule inapunguzwa kwenye ya huku, mradi awe na ushahidi. Ushahidi wenyewe ni fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri. Bidada alipoondoka alibeba vyombo, mapazia mpaka feni. P9 hakuikumbuka.

Akampigia bosi wake wa zamani, fomu ikatumwa siku hiyohiyo. Ritani ikajazwa mtandaoni, faini ikalipwa, na akaomba wajibu wake wa kodi Kenya ufungwe rasmi. Mume alikuwa amekaa pembeni anasoma kila mstari. Mwisho akacheka mwenyewe: “Kumbe mwenzangu ni serikali.”

Bidada hakucheka. Alimwambia neno moja tu: “Siku nyingine niulize mimi kwanza, kabla ya kumsikiliza dada yako.”

Haya wadau, hapo mwenye kosa nani: aliyehama bila kuaga kodi, wifi wa kuchungulia simu, au mume wa kununa?