Siku Niliyovuka Makambako

Nilifikisha miaka kumi na sita sijawahi kuvuka Makambako. Kwetu Mafinga safari zilielekea upande mmoja: Iringa, na kwa wenye bahati, Dar. Upande wa Mbeya tuliwaachia wenye malori. Kwa hiyo mjomba aliponiambia nitapanda naye Fuso la mbao, twende Sokoine kuwaona Yanga wakicheza na Mbeya City, usiku ule sikupata usingizi.

Mjomba ni Yanga. Baba ni Yanga. Swali lilikuwa moja tu wakati ule, Simba au Yanga, na jibu lake ulilikuta nyumbani kama jina la ukoo. Klabu mbili zilizozaliwa Dar miaka ya 1930, nasi tukizifuata kwa redio, huku kwenye baridi ya Sao Hill, wengi wetu hatujawahi kuiona Jangwani wala Msimbazi.

Tuliondoka alfajiri, ukungu umelala barabarani. Makambako tulikunywa chai ya tangawizi pale njia ya Songea inapochepuka, kisha nchi ikaanza kushuka. Koti nikavua. Kushoto milima ya Kipengere, kulia uwanda wa Usangu, mpana mpaka macho yanachoka.

Huko kulia, ndani kwenye mpunga, ndiko Ubaruku. Siku ile sikuujua. Tarehe 29 Novemba 2022 Ihefu waliwafunga Yanga hapo mabao 2-1, ukakatika mwendo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa. Leo timu ile iko Singida, hata jina imebadili, ni Singida Black Stars. Kila nikipita Rujewa roho inaniuma. Wale watu walishaonja kuwa na chao.

Mbeya tulishusha mbao, tukakimbilia uwanjani. Ulikuwa msimu wa 2013/14, City ndiyo kwanza wamepanda Ligi Kuu chini ya kocha Juma Mwambusi, timu ya halmashauri ya jiji, na msimu huo wangemaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga. Hayo hakuna aliyeyajua bado. Nilichokiona ni rangi ya zambarau. Akina mama wa sokoni wamejifunga vitambaa vya zambarau, bodaboda wamefunga bendera za zambarau, mzee mmoja mwenye fimbo ana kofia ya zambarau. Sikuwahi kufikiri kwamba watu wa nyanda za juu wanaweza kuwajazia Yanga uwanja mzima bila kuwashangilia.

"Koma kumwanya!" walikuwa wakiimba. Nilimuuliza mama aliyekaa kando yangu maana yake.

"Piga juu, mwanangu," akasema, akanimegea muhindi wake wa kuchoma.

City waliposhambulia mara ya kwanza, jukwaa lote lilinyanyuka, nami nikanyanyuka. Nikapiga kelele, kumwanya, kwa sauti yangu yote. Nilipokaa nikamkuta mjomba, skafu ya kijani na njano shingoni, ananitazama.

Wakati wa kurudi hakusema neno Chimala, wala Igawa. Giza liliingia, baridi ikatupokea tena. Makambako akasimamisha gari, akazima injini.

"Njaa inauma?" akauliza.

"Ndiyo, mjomba."

Akaninunulia chipsi mayai, akanikalisha karibu na jiko.