Miaka ya Ziada ya Fausta

Tarehe 27 Desemba 2019, faru jike mweusi aliyeitwa Fausta alikufa katika kreta ya Ngorongoro akiwa na umri wa miaka 57. Faru weusi wa porini huishi miaka 40 hivi, na wachache huvuka hapo. Ndiyo maana Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ilimtangaza kuwa faru aliyeishi miaka mingi kuliko wote waliojulikana duniani. Kabla yake alikuwapo Sana, faru mweupe aliyekufa Ufaransa mwaka 2017 akiwa na miaka 55. Lakini Sana alifia katika bustani ya wanyama. Fausta aliishi zaidi ya miaka 50 akitembea anakotaka.

Sisi wa Karatu, ambao magari ya watalii hupita milangoni kwetu kila alfajiri yakielekea lango la Lodoare, tulizoea kulisikia jina lake. Mimi habari ya kifo chake ilinifanya nianze kuutazama umri mrefu kwa jicho jingine.

Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyemwona kwa mara ya kwanza, mwaka 1965, akikadiriwa kuwa na miaka mitatu au minne. Wakati huo kreta ilikuwa na faru zaidi ya 100. Kisha ukaja ujangili wa miaka ya 1970 na 1980: pembe zikauzwa Yemen kutengenezea mipini ya majambia, nyingine zikaenda Asia ya Mashariki kuwa dawa. Katika Afrika nzima faru weusi walipungua kutoka takribani 65,000 mwaka 1970 hadi chini ya 2,500 katikati ya miaka ya 1990. Ndani ya kreta walibaki chini ya 20. Nchi ilibadilisha marais, Nyerere, Mwinyi, Mkapa, Kikwete, Magufuli, na Fausta alikuwa bado yuko kule chini, katika nyasi zilezile, wenzake wakiondoka mmoja mmoja.

Faru si mnyama wa makundi, na sitaki kumbebesha majonzi ya binadamu. Ila mtu anayetamani umri mrefu mno hana budi kulitazama jambo hili bila kupepesa: ukiishi kupita wenzako, sehemu kubwa ya maisha yako itapita bila wao. Hesabu haina njia nyingine.

Halafu uzee wenyewe. Mwaka 2016 fisi walianza kumshambulia. Macho yalikuwa yamefifia, majeraha yakawa makubwa, na hali yake ikazidi kudhoofu. Wahifadhi wakamwingiza katika boma maalumu, wakamlisha, wakamtibu, wakamlinda usiku na mchana. Miaka yake mitatu ya mwisho, ile iliyomfikisha kwenye rekodi, aliipata kwa mikono ya watu. Fisi wangeachiwa, leo tusingekuwa na habari ya kusimulia.

Hilo huwa tunalisahau tunapoota kuishi miaka 300 au 500. Tunajiona tukiwa na nguvu za miaka 30, tukijifunza lugha kumi, tukishuhudia wajukuu wa vitukuu. Hatujioni tukisubiri mtu atuletee maji.

Niliwahi kumuuliza bibi yangu, aliyezaliwa na kuzeekea Rhotia akilima mahindi na mbaazi, kama angepewa miaka mingine 100 angeipokea. Hakufikiri sana. “Mjukuu wangu,” alisema, “wote niliocheza nao nimeshawazika. Ukinipa na hiyo, nitakuzika na wewe.” Sijapata kusikia hoja nzito zaidi ya hiyo dhidi ya kuishi milele, na nimesoma kadhaa.

Fausta hakuzaa, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kuishi kwake miaka mingi. Jike wa faru mweusi hubeba mimba miezi 15, kisha hunyonyesha na kumlinda ndama kwa miaka, na kazi hiyo hula mwili. Maelezo hayo yangeweza kunishawishi kwamba siri ya kuishi sana ni kujiwekea nguvu zako mwenyewe. Lakini katika wilaya yetu hiihii ya Karatu kuna ushahidi unaokwenda njia tofauti kabisa.

Teremka Mang'ola, upite mashamba ya vitunguu, ufike kwa Wahadzabe wa ziwa Eyasi. Katika miaka ya 1980 mtafiti Kristen Hawkes na wenzake, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikaa huko wakipima nani analeta chakula kiasi gani. Waliwakuta wanawake wazee, waliokwisha kukoma kuzaa zamani, wakichimba mizizi kwenye ardhi ngumu kwa mti uliochongwa ncha, na wakifanya hivyo kwa saa nyingi kuliko wasichana. Mama alipojifungua na kushikwa na kitoto kichanga, uzito wa mtoto aliyeachishwa ziwa ulifuata juhudi za bibi yake. Kutokana na hayo wakapendekeza jibu la swali gumu: kwa nini mwanamke huishi miaka mingi sana baada ya kukoma kuzaa, jambo ambalo ni nadra kwa wanyama? Kwa sababu, walisema, mabibi wenye nguvu waliwaokoa wajukuu, na wajukuu wakarithi mwili wa kudumu. Wataalamu bado wanabishana juu ya dhana hiyo. Mimi naiamini, kwa kuwa nililelewa hivyo.

Basi miaka yetu ya ziada, kama dhana hiyo ni kweli, ilinunuliwa na vikongwe waliochimba kwa ajili ya mtoto wa mwingine. Na mzee anapofika mahali ambapo hawezi tena kuchimba, deni linageuka upande.

Tulimlipa Fausta. Tulimpa boma, chakula, mganga na walinzi, na ninajivunia nchi iliyofanya hivyo. Kwa upande wa watu, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo waliofikisha miaka 60. Zanzibar ilikwenda mbele zaidi: tangu Aprili 2016 inatoa pensheni jamii kwa wazee waliofikisha miaka 70, hata wasiowahi kuajiriwa. Bara mkulima wa Rhotia aliyezeeka na jembe mkononi hana pensheni ya namna hiyo. Kabla hatujatamani miaka 500, tuwape wazee hawa kile ambacho wenzao wa Unguja na Pemba wamekipata, na tufanye hivyo sasa, wakiwa bado hai.